Mkate wenye chachu na usio na chachu: mbona wangu umefura bila hamira?

Swali: Naandaa mkate wa Meza ya Bwana kwa kanisa letu dogo. Nilikanda unga wa ngano, maji na chumvi tu, hamira sikutia kabisa. Sehemu moja ulifura kama puto, sehemu nyingine ukawa mgumu kama ubao. Mzee mmoja akasema mkate ukishafura una chachu, haufai. Mama mwingine akasema beking pauda si chachu, tungetia kidogo tu ulainike. Nani yuko sahihi? Na hasa hiyo chachu ya kwenye Biblia maana yake ni nini?

Jibu: Mkate wako hauna chachu, dada. Kilichoufurisha ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya mwanzo, kwa hiyo tone dogo lililonaswa kati ya ngozi mbili za donge, likikutana na oveni kali, linatosha kuinua kipande kizima. Ukikipasua utaona uwazi mmoja mkubwa, na kuta zake mbili, ya juu na ya chini, hazina vitundu. Mkate wa chachu ukiukata, ndani una matundu mengi madogo yaliyotapakaa, na donge lake liliumuka likiwa bado bakulini, kabla halijaona moto. Tofauti ya pili ni muda: mvuke hufanya kazi yake kwa sekunde, chachu huhitaji saa. Kwa hiyo mzee ameangalia umbo, na umbo si kipimo. Lipo donge lililochacha usiku kucha kisha likasukumwa jembamba likatoka ovenini bapa kama karatasi. Hilo lina chachu japo halikufura. Wako ulifura na hauna.

Neno lenyewe la Kiswahili linasaidia. Chachu ni ya kuchacha. Chakula kilicholala kikaanza kutoa harufu ya ukali tunasema kimechacha, na hicho hasa ndicho kinachotokea ndani ya donge. Siku hizi tukisikia chachu tunafikiria hamira, zile punje kavu za pakiti. Hiyo ni kuvu ya seli moja, *Saccharomyces cerevisiae*, iliyokuzwa kiwandani. Waandishi wa Biblia hawakuwa na pakiti, wala hawakujua kwamba kuna kiumbe hai ndani ya donge. Uthibitisho wa kisayansi ulikuja na kazi ya Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, kuanzia miaka ya 1850. Chachu yao ilikuwa kipande cha donge la jana. Mama anapokanda leo anamega kipande, anakiweka kando, kesho anakichanganya na unga mpya, na huo unga mpya wote unachacha. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mkate wa leo una ndani yake donge la jana, la juzi, na la mwaka jana.

Ndani ya kipande hicho mna hamira za porini pamoja na bakteria wa asidi ya laktiki. Hamira hula sukari ya unga na kutoa hewa ya kaboni dioksidi na pombe kidogo. Bakteria hutoa asidi, ndiyo ule ukali. Hewa hiyo ingetoroka yote kama ngano isingekuwa na gluteni, utando unaonyumbulika unaojengeka unga unapokandwa na maji. Utando huo ndio unaoishika hewa, na donge linaumuka. Jotoridi la kuanzia nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi ni zuri kwa kazi hiyo. Donge lenyewe likifika kama 60, hamira imekufa.

Kiebrania kina maneno matatu ambayo Kiswahili chetu huyabeba kwa neno moja la chachu, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kuna *seori*, kile kipande cha donge kikali kinachochachusha. Hakiliwi, ni mbegu. Kuna *hametzi*, chakula ambacho tayari kimechacha. Na kuna *matza*, mkate usiochachwa. Soma Kutoka 12:15 ukiwa na tofauti hiyo kichwani: *seori* iondolewe nyumbani siku ya kwanza, na atakayekula *hametzi* kwa siku saba atakatiliwa mbali. Kwa hiyo amri haiishii kwenye kuacha kula mkate ulioumuka. Mbegu yenyewe inatupwa. Ule mnyororo wa donge la jana na la juzi unakatwa.

Uzito wa jambo hilo anaujua aliyewahi kuotesha chachu yake mwenyewe. Unachanganya gramu 50 za unga na gramu 50 za maji kwenye chupa ya kioo, unafunika bila kukaza. Kila siku unabakiza gramu 50 za mchanganyiko, unaongeza 50 za unga na 50 za maji. Siku ya pili au ya tatu mara nyingi unafura kwa kishindo na kunuka vibaya. Hao ni bakteria wengine wapita njia, bado si hamira. Halafu unanyamaza kabisa siku moja au mbili, na hapo ndipo wengi huutupa wakidhani umekufa. Usiutupe, endelea kuulisha. Asidi ikishapanda, wale wa kwanza huondoka, na kati ya siku ya 7 na ya 10 mchanganyiko huanza kupanda mara mbili ya kimo chake ndani ya saa chache baada ya kulishwa. Hiyo sasa ni chachu. Aliyeitupa *seori* yake kabla ya sikukuu hakuwa na njia ya mkato ya kuirudisha. Alianza upya na unga mpya.

Watu wengi hueleza mkate usiotiwa chachu kwa neno moja, haraka. Ni kweli: Kutoka 12:39 inasema walilioka donge walilotoka nalo Misri kabla halijachacha, kwa sababu walifukuzwa. Lakini angalia mpangilio wa sura hiyohiyo. Amri ya kumla mwana-kondoo pamoja na mkate usiotiwa chachu iko mstari wa 8, kabla mtu hajafukuzwa. Haraka ilikuja juu ya amri iliyokuwepo. Na mkate wa namna hii ulijulikana hata kabla ya Misri: Lutu aliwaokea wageni wake wa ghafla (Mwanzo 19:3), na baadaye mwanamke wa Endori akamwokea Sauli usiku uleule (1 Samweli 28:24). Ulikuwa mkate wa mgeni asiyetarajiwa, wa mtu asiye na saa sita za kungoja. Kumbukumbu la Torati 16:3 unauita mkate wa mateso, kisha palepale unataja haraka ya kutoka Misri. Maana mbili zinakaa pamoja: ni chakula cha mtumwa, na ni chakula cha mtu anayeondoka.

Sheria ya Kiyahudi iliyokuja kujengwa juu ya maandiko hayo imeweka mipaka sahihi, na inakujibu swali lako la kufura vizuri kuliko hisia za mtu yeyote. Kinachoweza kuwa *hametzi* ni nafaka tano tu: ngano, shayiri, ngano ya spelti, rai na shayiri-pori, yaani oti. Mojawapo ikiguswa na maji na kuachwa bila kufanyiwa kazi, kipimo kilichozoeleka ni dakika 18. Ikipita hapo bila kuokwa, inahesabiwa imechacha hata kama macho hayaoni kitu. Ndiyo maana waokaji wa *matza* hutumia maji yaliyolala usiku mzima yakapoa, hawaachi donge litulie, hulitoboa matundu kote, na oveni zao ni kali mno. Mchele au mahindi yakiloweshwa huoza, hayachachi kwa maana ya sheria hiyo, ingawa jamii nyingine za Kiyahudi huyaepuka wakati wa Pasaka kwa desturi. Divai nayo, japo imechacha sawasawa, inanywewa kwenye meza ya Pasaka bila tatizo lolote, kwa kuwa ni ya zabibu. Bia ya shayiri ndiyo marufuku. Kwa hiyo anayesema Pasaka hupiga marufuku kila kilichochacha amepitiliza.

Je, chachu ni alama ya dhambi? Hili hurudiwa sana mimbarini, na ni nusu tu ya habari. Ni kweli Yesu alionya juu ya chachu ya Mafarisayo, na Luka 12:1 inaitaja kwa jina, unafiki. Ni kweli Walawi 2:11 inakataza chachu isiteketezwe madhabahuni, ingawa mstari huohuo unakataza na asali, na sijasikia mtu akihubiri kwamba asali ni dhambi. Upande wa pili, sadaka ya shukrani iliandamana na mikate iliyotiwa chachu (Walawi 7:13), na siku ya Pentekoste mikate miwili yenye chachu ililetwa mbele za Bwana kwa amri (Walawi 23:17). Mathayo 13:33 nayo inaufananisha ufalme wa mbinguni wenyewe na chachu aliyoificha mwanamke katika pishi tatu za unga. Zipime hizo pishi: ni zaidi ya lita 20, donge la kulisha watu mia. Kipande cha kiganjani kimelichukua lote.

Kinachounganisha mifano yote hiyo ni tabia ya chachu: ni ndogo, hufichika, huenea bila kelele, na ikishaingia huwezi kuitoa. Hakuna anayeweza kuchachuliwa donge lake halafu akachambua chachu nje. Kama kilichoingia ni kizuri, donge lote limepata. Kama ni kibaya, ni hivyohivyo. Paulo anapowaambia Wakorintho waiondoe chachu ya kale wapate kuwa donge jipya (1 Wakorintho 5:6-8), anasema kama mtu aliyeona nyumba ya Kiyahudi ikisafishwa: hupunguzi chachu, unatupa kipande cha zamani na kuanza na unga ambao haujaguswa.

Sasa Meza ya Bwana. Mathayo, Marko na Luka wanaiweka karamu ya mwisho kwenye Pasaka, na hapo mkate uliokuwepo ungekuwa usio na chachu. Yohana anaiweka kabla. Katika 18:28 Pasaka bado haijaliwa wakati Yesu anapelekwa kwa Pilato. Neno la Kigiriki linalotumika kwenye masimulizi ya meza, *artos*, ni mkate tu, halisemi wa aina gani. Makanisa yamegawanyika juu ya jambo hili tangu zamani. Mwaka 1053 Leo, askofu mkuu wa Ohrid, aliwaandikia Walatini, yaani Wakristo wa Magharibi walio chini ya Roma, akiwashutumu kwa kutumia mkate usio na chachu, na ugomvi huo ukaingia kwenye mpasuko wa 1054 kati ya Roma na Konstantinopoli. Waorthodoksi wa Mashariki hutumia mkate ulioumuka, wakisema chachu ni uhai na Kristo amefufuka. Waarmenia, ambao ni wa Mashariki pia, hutumia usio na chachu. Mtaguso wa Florence mwaka 1439 ulikubali kwamba mikate yote miwili ya ngano ni halali, kila kanisa lifuate desturi yake. John Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, aliandika kwamba kutia chachu au kutotia si jambo la kugombania. Waadventista wa Sabato hutumia usio na chachu pamoja na juisi ya zabibu isiyochacha. Hivyo kabla ya kuwasha oveni, uliza kanisa lako linafuata nini. Kama ni Katoliki ya Kilatini, usijaribu mapishi yoyote hapa chini yenye mafuta au chumvi: kanuni ya 924 ya sheria za Kanisa hilo inataka ngano tupu, mpya, isiyo na hatari ya kuharibika, na ya 926 inataka isiyo na chachu. Asali na sukari haviruhusiwi.

Kuhusu beking pauda, mama yule ana hoja ya kisheria na hana hoja ya maana. Beking pauda ni magadi ya kupikia, asidi kavu na wanga. Ikilowa hutoa kaboni dioksidi kwa kemia tu, hakuna kiumbe, hakuna kuchacha. Hata Wayahudi wanazo aina zilizoidhinishwa kwa Pasaka. Lakini kazi yake ni moja tu, kuumua. Ukiitia kwenye mkate ambao unauoka makusudi usiumuke, umetimiza herufi na kuiacha sababu. Halafu haihitajiki: ugumu ulioupata una tiba nyingine.

Kwa washiriki mia hivi, pima unga wa ngano gramu 250, maji ya baridi mililita 125, chumvi gramu 3. Kama kanisa lenu linaruhusu mafuta, tia mililita 20 za mafuta ya zeituni na punguza maji hadi 115. Mikate isiyotiwa chachu iliyochanganywa na mafuta iko Walawi 2:4, si uvumbuzi wa jana. Mafuta hufunika gluteni isishikane sana, na ndiyo tiba ya kwanza ya ule ubao wako.

Washa oveni jotoridi 240 ukiwa umeweka trei tupu ndani, na uiache dakika 25 nzima. Usianze kuchanganya kabla haijawa moto. Changanya, kanda dakika 3 tu, gawa madonge manne. Unaposukuma la kwanza, mengine yafunikwe kwa kitambaa kibichi. Sukuma hadi unene wa milimita 2, na zungusha donge robo duara kila baada ya misukumo miwili ili usiache upande mmoja mnene. Kisha chukua uma na utoboe kote, nafasi ya upana wa kidole kati ya tundu na tundu, meno yafike hadi kwenye kibao. Hapa ndipo mkate wako uliponasa mvuke. Uma uliogusa juu juu hauachi njia. Kwa ncha ya kisu chora mistari ya miraba, nusu ya kina cha donge, ili siku ya ibada umegeke safi bila makombo. Weka juu ya ile trei ya moto, dakika 4 au 5, geuza, dakika moja zaidi. Unataka madoadoa ya kahawia, si rangi moja ya kahawia kote. Kikaango kizito kikavu nacho kinafaa, dakika 2 kila upande.

Ukitoka mgumu kama ubao, sababu kubwa ni moto mdogo. Oveni ya 180 huhitaji dakika 15 kuupa rangi, na muda wote huo maji yanakimbia. Unachotoa ni kitu kilichokaushwa, hakikuokwa. Sababu ya pili ni unga uliozidi wakati wa kusukuma. Nyunyiza kidogo tu, na upanguse kabla ya kuoka. Donge likirudi nyuma kila unaposukuma, gluteni imekaza: ama unga ni wa mkate wenye protini nyingi, asilimia 12 na kuendelea, ama umekanda mno. Badili, utumie unga laini wa keki, au funika donge lipumzike dakika 5. Dakika hizo haziwezi kulichachusha, lakini anayefuata saa ya dakika 18 azihesabu. Kwa mkate wa kubaki laini, ufunge kwenye kitambaa safi ungali wa moto kwa dakika 10, mvuke wake wenyewe utaulainisha, kisha uuhamishie chombo chenye mfuniko. Hata hivyo usiuite wa Pasaka ya Kiyahudi; kwao hata unga hulindwa usiguswe na maji tangu ngano ikiwa bado haijasagwa.

Kama baadhi ya washiriki wana ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni hudhuru utumbo wao, wasipewe kipande kidogo cha huu kwa kudhani kidogo hakidhuru. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huwaokea wa unga mwingine, kwenye trei na kwa mti wa kusukumia ambao haujagusa ngano. Kwa Wakatoliki, mkate usio na gluteni kabisa haukubaliki. Hutengenezwa wenye gluteni kidogo sana, au mshiriki hupokea divai peke yake.

Jambo la mwisho, donge likibaki. Usilifunike ukaliweka juu ya meza kwa ajili ya Jumapili ijayo. Liokwe siku hiyohiyo, na lile lililokauka kwenye nyufa za kibao na ukingoni mwa bakuli likwanguliwe na kuoshwa. Unga mkavu uliobaki kopo hauna shida. Donge bichi la wiki nzima, hata kama hukuwahi kununua hamira, litakuwa limejichachua lenyewe, na hapo mzee atakuwa na haki ya kulikataa.